Kilo za Mama Samir

Jumatano, 3 Septemba 2025

Leo nimepewa majani. Mimi, Jaffar Mbarak, mwenye duka la jumla na rejareja hapa Voi kwa miaka ishirini na mbili, nimerudi nyumbani adhuhuri, nikafunua kawa, nikakuta nusu sahani ni mchicha. Robo ni wali. Robo iliyobaki ni samaki ambaye hakukaangwa. Nimeuliza chakula kiko wapi. Mke wangu Mwanamina, Mama Samir, amesema ndicho hicho.

Chanzo ni shemeji yangu Khairat, mdogo wake Mwanamina. Zamani alikuwa mtu mzuri. Mwaka jana akafanywa mhudumu wa afya ya jamii, akapewa begi na koti la bluu, na tangu hapo anaingia majumbani mwa watu na kuwafunga mikono kuwapima presha. Sasa yeye na Sista Elsie, nesi wa dispensari, mwanamke wa Ronge huko milimani, mwembamba kama ufagio, wameanzisha darasa la akina mama kila Jumatano kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka langu. Darasa la unene. Wanapimwa kilo, wanapimwa sukari, wanafundishwa kula. Watu wazima!

Mwanzo sikujali. Siku ya kwanza Sista alitundika picha za vyakula vizuri: tufaha, brokoli, na kitu kingine cha zambarau ambacho hakuna aliyekijua jina. Akina mama walicheka mpaka mitandio ikawaanguka. Nikajua limekufa hilo. Kumbe wiki ya pili Khairat aling'oa picha zote, akaweka za mahamri, mbaazi, viazi karai, mnavu, na kando ya kila picha akachora vijiko vya mafuta vilivyomo. Wakasogea karibu. Kisha wakaanza kuuliza maswali. Tangu hapo hawakosi.

Na leo Mwanamina ameniambia amepungua kilo tatu. Kutoka tisini na saba hadi tisini na nne. Amesema huku anacheka. Sukari yake nayo imeshuka, na Sista amemwambia akiendelea hivi hatahitaji sindano.

Nimesema alhamdulillahi. Moyoni nimeduwaa. Kilo tatu za nani hizo? Nimezilisha mimi, moja moja, tangu tuoane.

Saa kumi Fawaz wa duka la mkabala akavuka barabara. Sura ya msiba. Akaniuliza kama mambo ni salama, maana ameona buibui la Mama Samir siku hizi linaning'inia. Akasema biashara ina misimu yake na nisione haya kumwambia. Mke wa Fawaz huingia milangoni kwa ubavu. Mji mzima ukimwona unajua duka la mumewe linatembea. Wangu nikimwachia hivi, kufika mfungo wa Ramadhani watu watanichangia unga.

Nimeamua. Darasa lile lazima life.

Alhamisi, 4 Septemba

Mpango wa kwanza. Nimeingia jikoni Mwanamina akiwa anasali. Nimemimina tui zito la nazi mbili kwenye mchicha wake na vijiko vinne vya samli kwenye mbaazi. Nikakoroga. Nikafunika. Nikakaa sebuleni na gazeti kama mtu asiyejua jikoni kuko upande gani.

Ameonja mara moja. Amenisogezea bakuli zote mbili, akaenda kujichemshia yai.

Nimekula vyote, maana kumwaga chakula ni israfu. Kiungulia mpaka alasiri. Kiu pia. Nimemaliza jagi la maji, na la pili nusu.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango wa pili, wa kishujaa. Nimeagiza mahamri mia moja, moto moto, yenye iliki. Nimeweka meza mlangoni pa ukumbi, bure kwa kila mwanachama, zawadi ya duka. Hesabu yangu: hakuna mwanamke wa Voi atakayepita harufu ile.

Hesabu ilikuwa sahihi. Walisimama. Mwende, yule fundi wa cherehani, alikwisha nyoosha mkono. Ndipo Khairat akatoka. Akatazama meza, akanitazama, akanishukuru mbele ya watu wote. Akasema shemeji amelifikiria darasa, ameleta vifaa vya kufundishia.

Nimeduwaa mara ya pili mwezi huu.

Akachukua hamri moja, akaliweka juu ya gazeti, akalikandamiza kwa kiganja. Akainua lile gazeti dirishani. Nilimwona Sista Elsie waziwazi kupitia ukurasa wa michezo. Kisha akina mama wakagawana yaliyobaki na vipande vya gazeti, kila mmoja akandamize mwenyewe. Mahamri tisini na tisa! Wakanipigia makofi. Nikaombwa kusema machache. Nikasema machache.

Baada ya hapo wakatoka wote thelathini kuzunguka uwanja kwa miguu, ndiyo sehemu ya somo, kisha warudi wapimwe. Mimi nikabaki kukusanya sinia zangu. Mizani yao ilikuwa pale chini. Kitu chembamba cha kioo, hata hakifanani na mizani. Nilitaka kujua tu. Hakukuwa na mtu. Nikapanda.

Ikaandika moja. Ikafikiri. Ikaandika E. Ikatoa kisauti kidogo, ikazimika.

Nikashuka. Nikaigonga. Nikakimbia dukani kuleta betri mpya, nikaiweka, wapi. Kisha nikaona ufa, umeanzia pembe hii mpaka pembe ile. Nikaifunika kwa gazeti lenye mafuta nikaenda zangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Khairat amekuja dukani machozi yakimlengalenga. Mizani imekufa. Haijulikani nani ameiua. Ofisini wamemwambia nyingine huenda ikaja mwezi ujao. Na bila mizani akina mama hawatakuja, maana kila mmoja huja kuiona namba yake.

Nimempa pole. Ya kweli kabisa, nilikuwa na furaha sana. Nilikuwa nimekwisha shinda bila kufanya lolote, ningenyamaza tu. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza. Wazo likanijia, na wazo likinijia mimi halibishi hodi.

Nieleze hapa, maana hii ni shajara yangu na hakuna asomaye. Dukani nina mizani mbili za magunia. Ya bluu ni ya kununulia. Mkulima akileta gunia la kilo mia, yenyewe huona tisini. Ya kijani ni ya kuuzia. Mteja akitaka kilo kumi, yenyewe huziona kumi zikiwa bado tisa na kidogo. Sikuzifundisha mimi. Zilianza zenyewe, nami sikupenda kuziingilia.

Nimemwambia Khairat nitawaazima ya kijani. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Amesema anaomba radhi, alikuwa ananifikiria vibaya.

Ijumaa, 12 Septemba

Hakuna la maana. Vidole vya mguu wa kushoto vimekufa ganzi tena. Ni viatu hivi.

Jumatano, 17 Septemba

Ushindi.

Nimeipeleka mizani kwa toroli, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, miguu nimenyoosha. Wa kwanza alikuwa Mwende. Mara ya mwisho alikuwa na kilo themanini. Akapanda. Themanini na saba. Akashuka, akavua viatu, akapanda. Akavua bangili. Akamwomba Khairat amshikie simu. Themanini na saba. Wa pili akapanda, naye ameongezeka. Kufika wa kumi ukumbi ulikuwa unavuma. Mmoja akasema mwezi mzima hajagusa sukari. Mwingine akamuuliza Sista Elsie kama ule mnavu wa milimani kwao una mafuta ndani yake. Sista alipekua daftari lake mbele na nyuma, akasema labda ni maji mwilini. Hakuna aliyemwamini.

Mwanamina akapanda. Mia na mbili. Hakuvua viatu. Aliitazama ile namba muda mrefu, kisha akashuka polepole, ameshika ukuta.

Hapo nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Kabla ya alasiri kuisha akina mama saba walikuwa dukani. Samli, unga mweupe, nazi. Mwende alinunua sukari bila kunitazama usoni. Nikatuma biriani nyumbani, ya mbuzi, tushereheke bila kusema tunasherehekea nini. Mwanamina akasema hana njaa. Nikala na yake.

Ijumaa, 19 Septemba

Mwanamina anakunywa maji matupu. Jana pia maji. Nimemuuliza, amesema ni tumbo. Biriani iliyobaki imelala vizuri.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwandiko leo utakuwa mbaya.

Asubuhi nilikuwa navaa niende dukani. Nikasikia sufuria inaanguka jikoni. Mwanamina yuko sakafuni. Jasho jembamba, macho yako wazi lakini hanioni. Siku zote namwita Mama Samir. Leo nimemwita Mwanamina, Mwanamina, Mwanamina, kama siku tulizokuwa wachumba. Nimejaribu kumwinua nimeshindwa. Si uzito wake. Ni magoti yangu.

Khairat amekuja mbio bila kilemba. Amemtoboa kidole kwa kile kimashine chake. Mbili nukta nne. Nikasema si ndiyo vizuri, si walitaka ishuke. Amenitazama jinsi ambavyo sijawahi kutazamwa na mtu. Amempaka asali kwenye ufizi, kidole chake ndani ya kinywa cha dadake, anamsomea dua na kulia kwa wakati mmoja, mpaka macho yakamrudi.

Kule dispensari, Sista Elsie amesema mgonjwa hakula siku tatu na huku anameza vidonge vyake vya sukari. Amemuuliza kwa nini. Mwanamina amejibu kwa sauti ndogo, nami nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia. Amesema mizani ilimkataa. Kama majani na kutembea vinamletea kilo nane, basi bora aache chakula chenyewe. Sista amesema nusu saa nyingine tungekuwa tunaongea mengine.

Nimekaa kwenye benchi. Nimeogopa sana. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Nimeinuka mara mbili niende nimwambie Sista habari ya mizani. Mara ya kwanza alikuwa na mgonjwa. Mara ya pili hakuwa na mgonjwa, kwa hiyo nikaketi tena.

Halafu nikapata njia nzuri zaidi, isiyo na maneno mengi. Jumatano nitapeleka ya bluu. Atapanda, ataona amepungua, atafurahi, atakula. Kila mtu atapona na hakuna atakayeulizwa swali.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemwambia Khairat ya kijani imeharibika springi, nimeleta nyingine. Amenipokea kwa shukrani. Mwanamina alikuwa amekaa pembeni, bado mnyonge, amejifunika leso.

Mwende akapanda. Sabini na moja. Kutoka themanini na saba. Vigelegele. Wa pili amepungua kumi na nne. Vigelegele tena, mtu akapiga meza. Kisha Mwanamina. Themanini na tatu.

Kilo kumi na tisa kwa wiki moja. Amejifunika uso kwa leso akalia. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akatabasamu. Nami nikatabasamu. Nilijiona mume bora Voi nzima.

Kufika mama wa tano vigelegele vilikuwa vimekwisha. Sista Elsie akakaa kitako. Akasema, polepole, kwamba hakuna binadamu anayepungua kilo kumi na tisa kwa siku saba na bado akasimama. Akasema huo si upungufu, huo ni ugonjwa. Akauliza nani anakohoa. Ukumbi wa wanawake thelathini, hakosi wa kukohoa. Watatu. Akauliza nani anatoka jasho. Wote. Hapa ni Voi, na feni ya ukumbi haizunguki tangu uchaguzi uliopita.

Akatoka nje na simu. Nikasimama nikasema labda ni maji mwilini. Hakuna aliyenisikia.

Sikupiga hesabu. Mimi, Jaffar, ambaye napiga hesabu ya gunia kwa kulitazama! Nilikumbuka kwamba ya bluu inapunguza. Nikasahau kwamba ya kijani ilikuwa imekwisha kuongeza.

Alhamisi, 25 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi gari jeupe limesimama mlangoni pangu. Wameshuka watu wanne, barakoa, glavu, aproni mpaka vifundoni. Mkubwa wao anaitwa Madam Priscilla, wa afya, ametoka makao makuu ya kaunti. Akina mama thelathini wakapangwa ukumbini kwa mistari, umbali wa hatua mbili. Duka langu likazungushiwa utepe wa njano, kwa kuwa wagonjwa wote wananunua kwangu. Mtu mmoja akatia punje za mchele wangu kwenye kifuko, akaandika tarehe. Fawaz amesimama kizingitini kwake anarekodi na simu, mkono haumtetemeki hata kidogo.

Mjini tayari habari imeenea kwamba kuna ugonjwa mpya unaoyeyusha mafuta. Kufika saa nne wanawake wawili wa mtaa wa pili walikuwa wamefika kwenye utepe, wanauliza unaambukizwaje na kama kuna foleni.

Hapo ndipo Hudson akafika. Hudson ni mkulima wa Mboghoni, huko Taveta, ananiletea maharagwe mwaka wa nne sasa. Mtu mtaratibu, mzee wa kanisa. Pikapu yake imejaa magunia. Akazuiwa na utepe, akaja kusubiri mlangoni pa ukumbi, kofia mkononi.

Madam Priscilla akauliza, kabla hatujaanza kutoa watu damu, kuna aliyeikagua hii mizani. Nikasema joto litapanda, bora waanze na damu. Akanitazama. Akatuma watu kwenye nyumba inayojengwa jirani, wakaleta mfuko mmoja wa simiti ambao haujafunguliwa. Umeandikwa juu yake kilo hamsini. Ukawekwa juu ya mizani ya bluu.

Arubaini na tano.

Khairat, bila kugeuza shingo kunitazama, akasema iletwe na ile ya wiki iliyopita. Ya kijani ikaletwa. Mfuko ukawekwa.

Hamsini na tano.

Sijawahi kusikia wanawake thelathini wamenyamaza. Naomba nisisikie tena.

Hudson akaenda kwenye pikapu, akarudi na gunia begani. Akaliweka juu ya ya bluu, akasoma. Akalihamishia ya kijani, akasoma. Akalirudisha ya bluu. Kisha akasema, kwa sauti yake ileile ya utaratibu, kwamba kila msimu mkewe hupima maharagwe nyumbani Mboghoni kwa mizani ya chama cha wakulima, na kila msimu akirudi kutoka Voi karatasi yangu inasoma kilo pungufu. Mkewe anaamini kuna mwanamke Mwatate, pale barabara inapopita, ambaye Hudson humshushia maharagwe njiani. Miaka minne. Amemwapia mbele ya mchungaji. Mke amehama chumba. Amesema hata binti yake Wendy siku hizi humuuliza yule mama wa Mwatate ana watoto wangapi.

Ningependa angenitukana. Hakunitukana. Akapakia gunia lake, akaniomba kitu kimoja tu, nimwandikie mkewe barua kwa mkono wangu. Nimeiandika pale pale juu ya boneti. Ilinichukua karatasi tatu. Kila nikifika kwenye neno "mimi" kalamu inakataa.

Madam Priscilla akavua barakoa. Akaondoka na mizani zote mbili, awapelekee watu wa vipimo. Mwende alisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mwanamina alisimama. Alikunja leso yake vizuri, mara nne, akatoka na Khairat.

Jumamosi, 27 Septemba

Nyumba tupu. Nimekaanga yai likaungua upande mmoja na upande wa pili bichi.

Nimeitwa kwa Khairat, nimekwenda. Nimepokewa barazani, sikukaribishwa ndani. Mwanamina ameniletea chai ya rangi isiyo na sukari. Nikainywa, kwa hali niliyokuwa nayo ningekunywa hata ya chumvi.

Amesema hakuniita kwa ajili ya maharagwe ya Hudson wala sukari ya Mwende. Hayo nitayajibu kwa wenyewe na kwa Mola wangu. Amesema ana swali moja. Siku ile yeye yuko chini jikoni, je, nilikuwa najua habari ya mizani.

Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Nilikuwa nimeutengeneza njia nzima. Sijui kilichonipata. Nimesema nilijua.

Ameondoa kikombe changu. Kisha amesema yeye alidhani mwili wake umemkataa. Siku tatu zile alikuwa anamuuliza Mungu amemkosea nini. Alikuwa anajiona mwanamke asiyeweza hata kazi ndogo ya kujipunguza, na mumewe yuko pale mezani anamaliza biriani. Hakupaza sauti. Nimetazama vidole vyangu vya miguu muda wote.

Amenipa sharti. Jumatano niende darasani. Nipimwe kilo mbele ya watu na nitobolewe kidole mbele ya watu, kama yeye. La sivyo atakaa kwa mdogo wake mpaka Idi, na ni Idi gani hakusema.

Nimekubali. Nimeuliza leo wamepika nini. Mchicha.

Jumatano, 1 Oktoba

Mizani mpya imefika. Ina muhuri wa lakiri pembeni, nimeukagua. Mfuko wa simiti ukawekwa kwanza, siku hizi hawapimi mtu kabla ya simiti. Hamsini kamili.

Akina mama wakapanda mmoja mmoja. Wamepungua, wengi wao. Kilo mbili, kilo tatu, namba ndogo za kawaida. Mwanamina tisini na moja. Kutoka tisini na saba, kweli tupu, na mwili umetulia, na Sista amesema vidonge atapunguziwa. Vigelegele vilikuwa virefu kuliko vile vya mizani yangu. Mke wa Fawaz amejiandikisha. Mia na kumi na tatu. Fawaz alikuwa amemshikia mkoba, na nilipomwangalia akajifanya anasoma picha ya mnavu ukutani.

Kisha mimi. Ukumbi mzima. Nimevua viatu, mkanda, saa, kofia. Nimepanda. Nikaegemeza kidole kimoja tu kwenye ukingo wa dirisha, Khairat akakitoa. Mia na ishirini na nne. Mwende akasema ilikuwaje ile ya kioo ikapasuka, sasa tumejua. Nimeduwaa jinsi watu wanavyokumbuka.

Kisha damu. Sista Elsie amenitoboa kidole, akasubiri, akasoma. Akaifuta mashine, akanitoboa kingine. Kumi na sita nukta moja. Sauti yake ikawa laini ghafla, na hilo sikulipenda. Akaniuliza kama nina kiu sana. Nikasema hapana. Kama naenda haja ndogo mara kwa mara. Hapana. Kama miguu inakufa ganzi. Nikasema hapana, viatu. Akanivua soksi mwenyewe, akagusa kidole kidogo cha kushoto kwa ncha ya kalamu, akaniuliza nasikia nini. Nikamwambia aanze basi. Akasema amekwisha maliza.

Kina kidonda chini. Sikuwa na habari.

Ameniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kesho asubuhi. Amesema si jambo la kungoja Jumatatu. Mwanamina alikuwa amenishika mkono muda wote huo, ameukaza, analia bila sauti. Ameniambia turudi nyumbani.

Basi mke wangu amerudi. Hivi ninavyoandika yuko jikoni, nasikia kijiko kwenye sufuria. Ameniwekea nguo za kesho kitandani, zimepigwa pasi. Amesema tutatoka saa kumi na mbili, yeye na mimi na Khairat.

Nimempa neno langu kwamba nitakwenda. Barua nimeitia chini ya debe la samli dukani. Asubuhi nitaondoka mapema, nitasema kuna mzigo unashushwa.

Maana nimefikiri. Ile mashine ya Sista ni ndogo kama kiberiti. Nimeigeuza mbele na nyuma alipokuwa anafunga kidonda, haina muhuri popote. Mwanamina anasema mashine haidanganyi. Mwanamina hajakaa nyuma ya kaunta miaka ishirini na mbili. Mimi nikiona mashine inayozidisha naijua kwa sura tu. Yake ile ni ya kuuzia.